Mnyama wa Nyumbani Anapobadilika Tabia, Aitwe Nani?

Swali ambalo wafugaji wa mbwa na paka mijini huuliza mara kwa mara ni hili: mnyama aliyekuwa mpole akianza kung'ata, kukojoa juu ya vitanda, kubweka usiku kucha au kujinyonyoa manyoya, je, anaumwa, ana jeuri, au amekosa adabu tu? Nyuma ya swali hilo lipo la pili linalogusa mfuko, yaani nani hasa alipwe ili aitatue shida hiyo, kwa kuwa katika miji ya Afrika Mashariki wapo madaktari wa wanyama, wapo mabwana mifugo, wapo vijana wanaofundisha mbwa nyumba hadi nyumba, na wapo majirani wenye ushauri wa bure ambao mara nyingi huishia kwenye fimbo au mnyororo. Sura hii inayajibu maswali yote mawili, na jibu lake limejengwa juu ya jambo ambalo wafugaji wengi hawalitarajii: msaada wenye thamani huanza kwa maswali mengi kuhusu nyumba na wakazi wake, na sehemu kubwa ya kazi huwaangukia wakazi hao kabla ya kumfikia mnyama.

Kero na tatizo

Katika kitabu hiki, tatizo la tabia maana yake ni mwenendo unaomdhuru mnyama mwenyewe, unaowahatarisha watu au wanyama wengine, au unaoonyesha kwamba mnyama ameshindwa kutulia katika mazingira anamoishi. Maana hiyo inayaacha nje mambo mengi yanayowaudhi wenye nyumba. Paka anayekwaruza kochi ananoa kucha, ananyoosha misuli na kuacha harufu yake mahali anapopita kila siku, na dawa yake ni gogo lililozungushiwa kamba ya katani, likasimamishwa kando ya kochi lenyewe, wala si uani ambako paka hapiti. Mbwa anayekimbiza bodaboda anafuata silika ya kukimbiza chochote kinachokimbia, na mchezo huo humwingia zaidi kwa sababu kila mara bodaboda huondoka, jambo ambalo yeye hulihesabu kuwa ushindi wake. Hapo anayehitajika ni mtu wa kufunga geti. Paka dume anayerusha mkojo ukutani anaweka alama za mipaka yake, na kuhasiwa, yaani kuondolewa korodani kwa upasuaji mdogo, hukomesha au hupunguza sana mwenendo huo kwa madume walio wengi.

Mambo ya aina hiyo hayahitaji mtaalamu wa gharama. Mtaalamu anahitajika pale tabia inapobadilika ghafla, pale mnyama anapojijeruhi, pale mtu anapong'atwa au kunusurika kung'atwa, na pale hofu inapomtawala mnyama kiasi kwamba hali wala halali.

Mwili huchunguzwa kwanza

Hatua ya kwanza, ambayo watu wengi huiruka, ni kumpeleka mnyama kwa daktari hata kama shida inaonekana kuwa utundu mtupu. Mbwa mzee anayemrukia mtoto kila anaposhikwa shingoni anaweza kuwa na sikio lenye usaha ambalo hakuna aliyewahi kulifunua na kulitazama, au maumivu ya viungo yanayozidi asubuhi za baridi, na mbwa huyo akichapwa kwa kunguruma hujifunza kwamba mkono wa binadamu huleta maumivu juu ya maumivu. Mbwa aliyeanza kubweka usiku bila sababu baada ya miaka mingi ya utulivu huenda anapoteza macho au masikio, au ubongo wake umeanza kuchakaa kwa uzee kama unavyoweza kuchakaa wa binadamu.

Paka ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Paka dume anayeacha boksi lake la mchanga na kuanza kukojoa kwenye zulia, bafuni au juu ya nguo chafu hushukiwa kwamba analipiza kisasi, hasa ikiwa nyumbani amefika mtoto mchanga au mgeni. Ukweli ni kwamba njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, na inaweza kuzibwa na chembe ngumu mithili ya mchanga zinazojijenga ndani ya kibofu. Paka wa namna hiyo huchuchumaa mara nyingi bila kutoa kitu, hulia, hujilamba sehemu za siri, na huenda akatoa matone machache tu, wakati mwingine yenye damu. Akiachwa, sumu ambazo figo zilipaswa kuziondoa hujaa mwilini, na anaweza kufa katika siku chache. Paka huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, bila kungoja asubuhi, na mazungumzo yoyote kuhusu adabu yasubiri hadi mkojo utoke.

Kasuku naye asisahaulike, kwa maana ndege huyu wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye asili yake ni misitu inayoanzia Afrika Magharibi, ikapita Kongo na Uganda hadi Kakamega, ni maarufu kwa kujinyonyoa manyoya ya kifua hadi ngozi inabaki wazi. Chanzo kinaweza kuwa wadudu wa ngozi, au lishe ya mbegu za alizeti na karanga peke yake, au upweke wa ndege mwenye akili nyingi aliyefungiwa kwenye tundu lisilo na kitu cha kuchezea. Daktari huondoa sababu za kwanza mbili kabla ya kuishughulikia ya tatu. Biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku tangu 2017, na kwa yeyote aliyewahi kumwona kasuku aliyejinyonyoa, marufuku hiyo ilichelewa.

Mwisho kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo na unaoenezwa kwa mate ya mnyama mgonjwa. Dalili yake ya mwanzo mara nyingi ni hiyo hiyo inayozungumzwa katika sura hii: tabia kubadilika. Mbwa mkali huwa mpole kupita kiasi, mpole huwa mkali, sauti ya kubweka hubadilika, mate humdondoka, na kumeza humshinda. Mnyama mwenye dalili hizo asiguswe wala kupelekwa popote na mwenye nyumba. Afungiwe alipo ikiwa inawezekana bila kumkaribia, na ofisi ya mifugo ipewe taarifa.

Nani ni nani katika kazi hii

Daktari wa wanyama ni mtu aliyesoma shahada ya miaka mitano, kama inavyotolewa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, kisha akasajiliwa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya 2003 iliyounda Baraza la Veterinari, na Kenya ina sheria ya 2011 inayosimamiwa na Bodi ya Veterinari. Katika nchi zote mbili mfugaji ana haki ya kuuliza kama anayemtibia mnyama wake yumo kwenye daftari la usajili. Bwana mifugo, ambaye kwa kawaida ana cheti au stashahada, hutoa chanjo na kutibu magonjwa ya kawaida, na kwa wengi ndiye mlango wa kwanza, ingawa mafunzo yake yamelenga zaidi ng'ombe, mbuzi na kuku.

Mkufunzi wa mbwa ni mtu wa aina nyingine. Kazi yake ni kumfundisha mnyama stadi, yaani matendo anayoweza kuyafanya akiamriwa: kukaa, kutembea na kamba bila kuvuta, kuja akiitwa, kuacha kitu alichokiokota. Hakuna leseni ya lazima kwa kazi hiyo hata Marekani, ambako yeyote anaweza kuchapisha kadi na kujiita mkufunzi, na kwa hiyo ubora wa wakufunzi hutofautiana mno, kuanzia mabingwa hadi watu ambao ujuzi wao wote ni sauti kubwa.

Juu ya hao yuko daktari bingwa wa tabia, yaani daktari wa wanyama aliyeendelea kusomea magonjwa ya akili na mienendo ya wanyama kwa miaka kadhaa baada ya shahada ya kwanza na kufanya mtihani wa ubingwa. Nchini Marekani ubingwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1993, na wengi wa mabingwa hao wako huko na Ulaya. Mfugaji wa Arusha au Mombasa hawezi kuwafikia kwa miguu, lakini daktari wake anaweza kushauriana nao kwa simu ya video, akawaonyesha picha za nyumba na mwenendo wa mnyama, huku uamuzi wa dawa ukibaki kwake yeye aliyempima mnyama kwa mikono yake.

Tofauti kati ya mkufunzi na mtabibu wa tabia ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mbwa anayeng'ata kwa woga huenda anajua amri zote, anakaa akiambiwa akae, na bado anang'ata, kwa sababu amri hazigusi woga. Kumpeleka kambini akafundishwe wiki tatu, kisha arudishwe katika nyumba ile ile yenye jambo lile lile linalomwogofya, ni fedha iliyotupwa.

Kwa ufupi, stadi hufundishwa na mkufunzi, ugonjwa hutibiwa na daktari, na woga uliokomaa huhitaji wote wawili wakizungumza.

Ziara ya kwanza inavyokwenda

Mtaalamu mzuri hutumia sehemu kubwa ya ziara ya kwanza bila kumgusa mnyama. Huuliza mnyama alitoka wapi na akiwa na umri gani, analala wapi, anakula nini na saa ngapi, nani humlisha, nani humpiga hata kama ni mara moja moja, nini kilitokea dakika moja kabla ya kung'ata na nini kilifuata. Swali la mwisho lina sababu yake: tabia hudumu pale inapoleta tija kwa mwenye nayo, na mbwa aliyeng'ata akaachwa amekwisha kujifunza kwamba kung'ata kunaleta amani. Mfugaji anayekuja na daftari la matukio ya wiki mbili, pamoja na video fupi zilizorekodiwa kwa simu bila kumchokoza mnyama, huokoa muda na fedha.

Kinachofuata kinaweza kuelezwa kwa mfano wa mbwa anayejirusha kwenye geti, akitoa povu, kila muuza maji anapopita na mkokoteni wake. Mtaalamu humtafuta muuza maji, humlipa kwa muda wake, na humwomba asimame mbali, labda mwisho wa barabara, mahali ambapo mbwa anauona mkokoteni lakini masikio yake bado yamelegea. Mtu aliyemshika mbwa ana mfuko wa maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Mkokoteni ukitokea, maini hutolewa, kipande baada ya kipande. Mkokoteni ukifichwa nyuma ya ukuta, maini hukoma. Mbwa hatakiwi kufanya lolote ili ayapate. Baada ya marudio kadhaa huanza kuutazama mkokoteni, kisha hugeuka mwenyewe kumtazama mshika mfuko, na hapo ndipo mkokoteni husogezwa hatua chache. Akiukataa mfuko wa maini, akifumba mdomo au akilamba pua bila kuwa na njaa, mkokoteni umekuja karibu mno na lazima urudi nyuma.

Mambo mawili yanafanyika kwa pamoja katika zoezi hilo. La kwanza ni uzoeshaji wa hatua kwa hatua, maana yake kumkutanisha mnyama na kinachomtisha kwa kiwango kidogo anachoweza kukistahimili. La pili ni kubadilisha maana, yaani kukifanya kilichokuwa dalili ya hatari kiwe dalili ya chakula. Msingi wa hili la pili ulionekana katika maabara ya Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa umeng'enyaji wa chakula, na ambaye mbwa wake walianza kudondosha mate kwa ishara tu ya kwamba chakula kinakuja. Mate hayatoki kwa amri wala kwa utii, na ndivyo ilivyo kwa woga na utulivu.

Wapo wanyama ambao woga wao ni mkubwa kiasi kwamba hakuna umbali ulio salama kwao. Mfano wake ni hofu ya kuachwa, hali ambayo mbwa akibaki peke yake hutafuna mlango, hujikojolea na kulia hadi wenyewe warudi. Kwa hali hiyo Marekani iliidhinisha kwa mbwa dawa ya klomipramini mwaka 1998 na fluoksetini mwaka 2007, dawa ambazo pia hutumiwa na binadamu. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, hutolewa pamoja na mazoezi, na humpa mnyama utulivu unaomwezesha kujifunza. Vidonge vya binadamu vilivyosalia kabatini visitolewe kwa mnyama kwa kukisia, kwa kuwa kipimo chake ni tofauti, na baadhi ya michanganyiko huua.

Mbwa mwitu wa Basel

Mfugaji atakutana na mkufunzi anayesema kwamba mbwa wake anataka kuwa bwana wa nyumba, na kwamba tiba ni kumwonyesha nani mkubwa: alazwe chali kwa nguvu, avishwe kola ya miiba au ya umeme, asile kabla ya binadamu kula. Nadharia hiyo ina historia. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha maelezo ya mbwa mwitu wa Ulaya aliowatazama katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, wanyama waliofungiwa pamoja mahali padogo na waliopigania vyeo. Mtafiti wa Marekani, David Mech, akaieneza dhana ya kiongozi mbabe katika kitabu chake cha 1970. Baadaye Mech huyo huyo aliwatazama mbwa mwitu walio huru kaskazini mwa Kanada, akakuta kwamba kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na mwaka 1999 akaandika kwamba lugha ya ubabe haifai kuwaelezea. Wakufunzi wengi walikisoma kitabu cha kwanza wakaishia hapo.

Hasara ya njia za maumivu inaonekana hasa kwa mbwa anayenguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyeadhibiwa kwa kuonya huacha kuonya, woga ukabaki ulipokuwa. Siku inayofuata anang'ata kimya kimya, na watu husema ameng'ata bila sababu.

Kabla ya kumlipa mkufunzi, inafaa kumuuliza haya:

- Mbwa akifanya sawa anapata nini, na akikosea kinampata nini?
- Je, wenye nyumba wataruhusiwa kuwapo wakati wote wa mafunzo?
- Atafanya nini akihisi mbwa ni mgonjwa?
- Anatoa hakikisho la kupona? (Anayelitoa aogopwe, kwa maana hakuna daktari mwaminifu anayethubutu kulitoa.)

Mbwa mkali, mbwa mpole

Ipo shida moja ambayo vitabu vya Ulaya huigusa kwa nadra na ambayo katika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ndiyo mama wa nyingine zote. Mbwa wengi hapa hufugwa kwa ulinzi, na mwenye nyumba humtaka mbwa awe mkali kwa mwizi na mpole kwa wajukuu. Ili apate ukali huo, humfungia mbwa bandani tangu akiwa mdogo, hamruhusu kuona watu mchana, humfungulia usiku tu, na wapo wanaoamini kwamba pilipili kwenye chakula huongeza makali.

Kinachopatikana ni kitu kingine. Utafiti wa muda mrefu uliofanywa na John Paul Scott na John Fuller huko Maine, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1965, ulionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, takriban kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12, ambamo huzoea kwa urahisi kila anachokutana nacho. Asichokutana nacho katika kipindi hicho huelekea kumtisha maisha yake yote. Kwa paka kipindi hicho huisha mapema zaidi, karibu wiki ya 7. Mbwa aliyelelewa gizani kwa hiyo hana ukali wa kuchagua. Anamwogopa mwizi kama anavyomwogopa shangazi aliyekuja kusalimia, mtoto wa jirani aliyefuata mpira, na fundi wa bomba. Mbwa mwenye kujiamini, aliyezoeshwa watu wengi akiwa mdogo, hubweka mgeni anapofika na hunyamaza mwenyewe anapompokea, na kubweka huko ndiko kunakomwamsha mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyetaka kuamshwa.

Mtaalamu anayeitwa katika nyumba ya namna hii huongea na watu wote, akiwamo dada wa kazi anayemlisha mbwa na mlinzi wa geti anayemtupia jiwe akipiga kelele, kwa sababu mmoja wao akiendelea na fimbo, kazi ya wengine wote hubomoka. Mapendekezo yake mara nyingi ni ya bei ndogo na yanachosha: mnyororo uondolewe na nafasi ya uzio itafutwe, mbwa atembezwe asubuhi kabla ya msongamano, mifupa iliyojazwa mabaki ya chakula apewe ili ashughulike, na watoto wafundishwe kutomsogelea akila au akilala. Wenye nyumba wengi wangependa kununua sindano badala ya hayo.

Mbwa anapokwisha kung'ata

Jeraha huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa apelekwe hospitali kuanza chanjo bila kungoja kitakachompata mbwa, kwa kuwa karibu vifo vyote vya binadamu vya kichaa cha mbwa, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Hasira za watu humtaka mbwa auawe na kutupwa papo hapo, jambo ambalo huharibu ushahidi. Mbwa mwenye mwenyewe na asiye na dalili hufungiwa na kutazamwa na daktari kwa siku 10. Akiwa bado mzima siku ya kumi, hakuwa akitoa virusi katika mate siku aliyong'ata, na daktari wa binadamu anaweza kupunguza matibabu. Akifa katika siku hizo, kichwa chake hupelekwa maabara.

Baada ya siku hizo kumi huja uamuzi ambao mtaalamu hawezi kuufanya kwa niaba ya familia, ingawa anaweza kuupima. Huangalia ukubwa wa jeraha, kama mbwa alionya, kama kinachomchokoza kinajulikana na kinaweza kuzuiwa, na kama nyumbani wapo watoto wadogo. Mbwa aliyeng'ata mara moja kwa maumivu ya sikio lililokwisha kutibiwa yuko mbali sana na mbwa aliyemng'ata mtu wa tatu usoni bila kunguruma, na kwa huyu wa pili daktari anaweza kupendekeza amalizwe kwa sindano ya usingizi, kazi ambayo hufanywa na yeye mwenyewe kwa dakika chache na bila maumivu.

Njia ya mkato inayopendwa ni kumpeleka mbwa shambani, kwa ndugu aliyeko kijijini, bila kueleza kwa nini anahamishwa. Ndugu huyo ana watoto, wapitaji wake hawana uzio wa kuwakinga, na hospitali yenye chanjo huenda iko mwendo wa saa kadhaa. Ikiwa mbwa atahamishwa kweli, kinachopaswa kutangulia ni kumweleza mpokeaji kila tukio la kung'ata, likiwa na tarehe na mazingira yake, pamoja na kumpa cheti cha chanjo na namba ya simu ya daktari aliyemtazama.